Jina Walilomwekea Isom

Jumapili, 6 Aprili. Louisville

Leo sikwenda kanisani. Nimemwambia mwanangu Kataliko magoti yananiuma. Magoti hayana shida. Uso ndio sijui nitauweka wapi.

Shule mimi sikuingia hata siku moja. Herufi nilifundishwa na wamama wa kanisa kule kambini Nyarugusu, kichwa kimeshajaa mvi, ili nisome Zaburi bila kumwomba mtu. Kuandika ni kazi ngumu kuliko kulima. Lakini neno nililolisema jana nimwambie nani? Watu wetu wote walilisikia. Mmoja tu hakulielewa, na huyo ndiye sitaki alielewe.

Jana walikuja wakwe. Mjukuu wangu Chimène ameposwa na Mmarekani mweusi, Demetrius Whitaker. Wote wawili wanafanya kazi Columbus. Chimène ni muuguzi, kijana anatengeneza lifti za maghorofa. Baba yake, Mzee Harlan, anakaa hapahapa Louisville. Aliendesha basi za mji mpaka alipostaafu. Alikuja na suti ya kahawia, kofia, na pai ya viazi vitamu aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, mwanamume mjane. Hata hilo jana lilinichekesha.

Nilipika sombe ya majani ya muhogo, samaki, na ugali wa fufu wa kutosha kijiji kizima. Wamama wa kanisa walijaa mpaka kwenye ngazi. Lakini kwetu mkwe hali kabla ukoo haujatajwa. Mzee wa kila upande anasimama, anataja baba, babu, baba wa babu, mpaka anafika walikotoka. Tunafanya hivyo ili damu isije ikaoa damu yake. Upande wetu nilisimama mimi. Mume wangu Masumbuko tulimzika kambini. Na baba yake Chimène, mwanangu mkubwa Bulonza, tulipotezana naye njiani tulipokimbia Bukavu. Mama wa mtoto alifia njia hiyohiyo, nikamfunga Chimène mgongoni nikaendelea. Bulonza sijui kama alikufa. Watu wananiita Mama Bulonza mpaka leo, nami naitika.

Basi nikataja wazee wetu mpaka koo likakauka. Kataliko, mwanangu mdogo, akatafsiri. Kisha nikamwambia mzee wa watu: haya, zamu yako.

Alisimama. Akavua kofia. "Mimi ni Harlan Whitaker, mtoto wa Roscoe Whitaker." Akanyamaza. Kataliko akamwambia endelea, Mzee, watu wanasubiri. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akasema yeye anaishia hapo. Akakaa.

Nami sikuweza kukaa kimya. Niliwageukia watu wangu, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu hii ya sokoni:

"Whitaker ni jina la mzungu! Ng'ombe ndiye anayeitwa kwa jina la mwenye zizi. Huyu hana kwao. Mtoto wangu nimemtoa vitani kwa miguu, leo nije nimpe watu walionunuliwa?"

Wamama wakacheka. Nami nikacheka. Mzee Harlan alipoona watu wanacheka naye akacheka, akamwinamia mwanawe kumwuliza nimesema nini. Kataliko alikuwa anatazama sakafu. Chimène alikuwa amesimama mlangoni na sinia, ameganda.

Demetrius akamjibu baba yake taratibu. Katika Kiingereza chake nikasikia neno moja la kwetu: karibuni. Mzee akafurahi sana. Akasimama tena, akaweka mkono kifuani, akatuinamia wote: "Karibuni! Karibuni!" Watu wakazidi kucheka.

Walipokuwa wanaondoka yule kijana akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyofanya mtoto aliyelelewa.

"Bibi, nimesikia yote." Kwa Kiswahili. Kimepindapinda, lakini Kiswahili. "Chimène ananifundisha tangu mwaka jana. Nilitaka kukushangaza leo. Baba hajui ulisema nini. Nakuomba asijue."

Chimène alipita mbele yangu bila kwaheri.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Chimène hapokei simu. Kataliko anasema ana shifti. Shifti gani ya siku tano?

Jumamosi, 19 Aprili

Jua limetoka. Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga jembe nikasikia mtu kwenye uzio: "Karibuni!"

Ni Mzee Harlan, amevaa buti, amebeba sanduku la miche. Anadhani hiyo ndiyo salamu. Anadhani ndivyo nilivyomwambia siku ile.

Ameniletea mboga za majani mapana, zinafanana na sukuma za Wakenya, na mbegu za bamia. Akavua koti, akalima upande wa pili wa shamba langu bila kuombwa. Analima vizuri, hafukui kama kuku. Hatuna lugha, tunaonyeshana kwa vidole. Nikamwonyesha lengalenga, mchicha wetu, zinazoota zenyewe pembeni, alikuwa anazing'oa kama magugu. Nikampiga kofi mkononi. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilimpa chai. Alipokuwa anakunywa nilijikuta nimesimama, siwezi kukaa naye meza moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Kaja tena. "Karibuni!" Kaleta fito za maharage.

Jumapili, 11 Mei

Sikukuu ya akina mama ya hapa. Mzee Harlan kapita asubuhi na ua kwenye kopo. "Karibuni, Miss Nabintu!" Jina langu kalipata kwa Kataliko. Chimène hakupiga. Alimtumia Kataliko ujumbe: mwambie Bibi heri. Mwambie Bibi! Mimi niko wapi, Bukavu?

Mchana nilipigana na Kataliko. Alikuwa ametoka kazini kwenye ghala, anakula huku anasinzia, mara akasema:

"Mama, Septemba naapa uraia. Pale wanakuruhusu kubadilisha jina. Donc mimi nitabaki Kataliko, kama nilivyozaliwa. Masumbuko ni jina la baba, siyo langu. Kwetu kila mtoto ana jina lake. Karani wa kambi ndiye alitubandika wote jina moja, kama mifuko ya unga."

"Hubadilishi."

"Bon, kwa nini?"

"Bulonza akija kutuuliza atauliza nani? Atauliza watu wa Masumbuko. Wamwambie hawapo?"

"Mama, miaka yote hii..."

"Nimesema hubadilishi. Kula, samaki anapoa."

Akala. Nami nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 28 Mei

Maharage yamepanda fito zote. Wamama wa kanisa bado wanalirudia lile la ng'ombe na zizi. Mama mmoja leo kalisema kwenye kwaya, wakacheka, wakanitazama nicheke. Nimewaambia wafunge midomo. Wameshangaa. "Si wewe ulisema, Mama Bulonza?"

Ndiyo. Ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni. Columbus

Nimekuja kwa basi, sikumwambia Chimène. Kataliko alimpigia Kananu anipokee. Kananu ni Mkenya wa Meru, anafundisha historia chuoni, anasali kanisa moja na Chimène. Ana maneno ya haraka na moyo mzuri, lakini chai yake ni maji matupu. Nimeichukua sufuria nikapika mwenyewe. Ananiita Shosho, ndivyo kwao wanavyomwita bibi.

"Shosho, kwangu wewe ni mgeni, hebu kaa!"

"Nitakaa tukishapata chai."

Nilimwuliza hilo jina Whitaker ni la nani. Akavuta kiti.

"Kwanza si mtu, Shosho, ni shamba. Kwa lugha ya kale ya Waingereza ni shamba jeupe. Wengine wanasema shamba la ngano. Aliyekaa karibu na shamba la namna hiyo akaitwa hivyo, kama kwenu mtu angeitwa wa kilimani. Halafu watu wakahama. Shamba likabaki Uingereza, jina wakaenda nalo. Wako waliovuka bahari mpaka Virginia, wajukuu wao wakavuka milima mpaka Kentucky. Na wako waliokuwa na watu wa kununua. Wale watu wakiulizwa wao ni wa nani, jibu ni hilo jina."

"Yaani waliwapa jina la shamba, shamba wakabaki nalo wenyewe."

"Ndivyo, Shosho."

Nikamwona akilini Mzee Harlan ameinama na jembe nyuma ya nyumba yangu, shamba ambalo hata mimi si langu, ni la mwenye nyumba. Nikaweka kikombe chini.

Jioni Chimène alikuja na nguo zake za hospitali. Hakuketi.

"Umefuata nini, Bibi?"

"Nimekufuata wewe. Umekonda. Unakula nini?"

"Usinianzishie chakula. Unajua Demetrius aliniambia nini siku ile garini? Aliniambia, Bibi yako ameona vita, tusimhukumu. Yeye ndiye alikutetea. Mimi sikutetei."

"Ulimi wangu unaujua, mwanangu."

"Naujua. Ndiyo maana siku ya harusi hutasema. Atasimama baba mdogo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu anayemtoa binti ndiye anayesema. Nikisimama kimya mbele za watu, nimekuwa nani? Mgeni aliyekuja kula?

"Mimi ndiye niliyekulea, Chimène."

"Ndiyo maana naona aibu mimi. Angekuwa bibi wa jirani ningecheka."

Akaondoka. Kananu alikuwa jikoni anaosha kikombe kimoja muda wote huo.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi. Mzee Harlan amemwagilia shamba lote nilipokuwa safarini. Kaacha bamia za kwanza mlangoni, chache, kwenye mfuko wa karatasi. Nimezipika. Zote kala Kataliko.

Ijumaa, 4 Julai

Fataki. Nimekaa bafuni mpaka zimekwisha, kama kila mwaka.

Jumapili, 20 Julai. Buffalo

Nina mengi, mkono utauma.

Watu wa Whitaker wanakutana kila kiangazi. Mwaka huu ni Buffalo, upande wa East Side, kwa shangazi yao mkubwa Odessa. Mzee Harlan alikataa nibaki nyumbani. Alimwambia Kataliko: mkwe wangu wa kwanza kunikaribisha, nitamwacha nyumbani? Basi tukapanda gari lake, yeye, mimi na Kataliko.

Tulipofika kwenye daraja la mto Ohio alizima redio. Akavua kofia, akaiweka juu ya paja, akaendesha hivyo mpaka ng'ambo. Ng'ambo akaivaa, akawasha redio. Nikamwambia Kataliko muulize. Akajibu: "Baba yangu alifanya hivyo. Sababu ataisema shangazi. Si yangu kuisema." Nilidhani ni mambo ya wazee tu.

Columbus tuliwachukua wale wawili. Chimène alikaa nyuma kabisa, mimi mbele.

Nyumba ya Shangazi Odessa ni ya mbao, ya zamani. Wajukuu wake wengi wamehamia Cheektowaga kwenye nyumba mpya; wanamwomba awafuate, anawaambia nyinyi ndio mliopotea, mimi niko nyumbani. Jirani yake ni Mkongo wa Fizi, humletea sombe. Shangazi mwenyewe amepita miaka tisini, mwembamba, macho makali. Nilipomwona nilijua kwamba huyu mdomo wake umenishinda. Walinivalisha fulana ya njano kama wote, kubwa kama hema.

Kabla ya chakula watu wakakaa kimya kwenye nyasi. Demetrius alimnong'oneza Chimène kitu, Chimène akaja akaketi karibu nami kunitafsiria. Miezi yote hii hakuwahi kukaa karibu nami. Shangazi Odessa akaanza, bila karatasi, bila miwani. Kila akitaja jina, watu wote wanalirudia kwa sauti.

"Mahala. Alizaliwa Virginia, kwenye shamba la watu walioitwa Whitaker. Walimtembeza kwa miguu kuvuka milima mpaka Kentucky, ana mimba. Akamzaa Isom. Akamzaa Wiley. Isom alipofika kimo cha bega la mama yake, walimwuza pale Louisville, akapakiwa kwenye meli ya kushuka mto Ohio. Mahala na Wiley wakauzwa kwa mtu mwingine mwenye jina lingine. Uhuru ulipokuja, karani akamwuliza: Mahala nani? Angeweza kutaja jina la bwana wa mwisho. Angeweza kujitungia lake. Akasema: Whitaker. Wenzake wakamwambia, una wazimu, jina la waliomwuza mwanao? Akasema: Isom aliondoka akilijua hilo. Akirudi atauliza Whitaker. Nikijiita mwingine, atamkuta nani?"

Chimène alisita katikati ya hayo maneno. Akanitazama. Alikuwa amesikia, kama nilivyosikia mimi, maneno yangu mwenyewe; nadhani Kataliko alimsimulia tulivyogombana mezani. Watu wa Masumbuko. Wamwambie hawapo? Kisha akaendelea kutafsiri.

"Wakavuka mto, wakakaa Columbus. Kila mahali walipohama waliacha neno kanisani: akija Isom, mwambieni Whitaker wamekwenda kaskazini. Wiley akamzaa Amos. Amos akamzaa Lucius. Lucius akaja Buffalo kwenye viwanda vya chuma, akamzaa Roscoe, akanizaa mimi. Roscoe alimfuata mwanamke Louisville, akamzaa Harlan. Harlan akamzaa Demetrius."

Halafu akainua kichwa, akauliza kwa sauti kubwa: "Kuna mtu wa Isom hapa?"

Hata watoto waliokuwa wanakimbizana walisimama. Si mchezo ule, walikuwa wanangoja kweli. Gari likapita barabarani, watu wakaligeukia. Kisha Shangazi akasema tule.

Nilimvuta Demetrius kando. "Mbona baba yako hakuyataja haya nyumbani kwangu?"

"Hawezi, Bibi. Anayetaja ni mkubwa aliye hai. Mdogo anaishia kwa baba yake. Ni adabu."

Adabu! Hata kwetu mdogo hafungui mdomo mkubwa akiwapo. Yule mzee alisimama nyumbani kwangu akavua kofia, akamheshimu shangazi yake, nami nikamwita ng'ombe.

Sikula. Nilimwendea Shangazi Odessa kwenye kiti chake, nikamwambia Chimène: tafsiri. Kila neno, usilainishe.

"Bibi, hapana."

"Tafsiri."

Nikayasema yote. Mzungu, zizi, walionunuliwa. Ilibidi mtoto wangu ayatie kinywani mwake, mbele ya bibi wa mchumba wake. Alilia akiyasema. Hiyo nayo ni dhambi yangu.

Shangazi Odessa alinitazama miguuni. "Nimeitwa ng'ombe na watu wenye viatu vizuri kuliko hivyo." Lakini hakucheka. "Mimi nimesikia. Sasa nenda kamwambie Harlan."

"Mwanawe ameniomba asijue."

"Mwanawe anampenda, lakini ni mjinga. Mpwa wangu anazunguka Louisville nzima anasema hilo neno kama kasuku, na nyinyi wote mnajua lilikotoka. Hiyo ni mbaya kuliko ng'ombe."

Jumamosi, 2 Agosti. Louisville

"Karibuni!" Alikuwa na matikiti.

Nilimwita Kataliko. "Siku ile ulitafsiri majina yangu ukaacha maneno yangu. Leo malizia kazi."

"Mama, mwache mzee wa watu."

"Malizia."

Tulisimama kati ya maharage. Nilisema, Kataliko akatafsiri huku anatazama buti zake. Mzee Harlan alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu.

"Kile walichokicheka siku ile, kilikuwa hicho?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka nao."

Akaweka matikiti chini polepole, yasipasuke. Akavaa kofia. Alifunga lango la uzio nyuma yake. Siku zote huwa analiacha wazi.

Jumapili, 3 Agosti

Demetrius amepiga. Hakunigombeza. Amesema tu: "Baba hapokei simu, Bibi." Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuja.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuja. Joto. Bamia zinakomaa kwenye mti. Sizichumi, si zangu.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuja. Nimewasimamisha wamama baada ya mazoezi ya kwaya, nikawaeleza habari za Mahala na Isom. Nilisema kama nilivyosikia, bila mapambo. Yule mama wa kwaya aliuliza, "Na wamempata?" Nikamwambia bado. Akafunika uso kwa kitenge; ana dada yake aliyebaki Kalehe. Hakuna aliyecheka. Lakini Mzee Harlan hakuwapo kuona kwamba hawacheki.

Jumamosi, 30 Agosti

Mvua kubwa, imelaza fito zake zote. Nimezisimamisha moja moja.

Ijumaa, 12 Septemba

Kataliko ameapa. Karudi na bendera ndogo mfukoni. Sikumwuliza. Akafungua sufuria, akafunika, akafungua tena.

"Nimebaki Masumbuko," akasema. "Usianze kulia, Mama, nina shifti."

Jumamosi, 20 Septemba

Nilikuwa navuna maharage makavu. Nikahisi mtu. Mzee Harlan amesimama nje ya uzio, kofia mkononi. Hakusema lile neno. Alisimama tu.

Nikaelewa. Neno lile tangu mwanzo lilikuwa langu kulisema, na sikuwahi kulisema. Lilisemwa na mtoto wake kunisitiri.

"Karibu, Mzee Harlan," nikasema. "Karibu ndani."

Akafungua lango. Alitembea mpaka kwenye bamia, akavunja moja, ikalia kama kijiti. Kataliko alikuwa ametoka amevaa malapa, akatafsiri.

"Umeziacha mpaka zimekuwa kuni."

"Nilikuwa nakungoja."

"Bado nina hasira."

"Njoo nayo ukae. Kiti hiki hapa."

Akakaa. Nikamletea fufu na mboga zake mwenyewe, na leo nilikaa meza moja naye. Alikula, hakunitazama sana. Alipomaliza akapasua bamia kavu, akatoa mbegu, akazifunga kwenye kitambaa chake. Za mwakani, akaonyesha kwa kidole: nusu zako, nusu zangu.

Jumapili, 12 Oktoba. Columbus

Jana nilikuwa namfunga Chimène kitenge cha harusi. Ananipa mgongo. Mgongo huohuo nilioufuta vumbi njia nzima.

"Bibi, utasema wewe."

"Si alikuwa Kataliko?"

"Baba mdogo anasema ana kikohozi."

Kataliko hajawahi kukohoa maishani mwake. Alikuwa mlangoni, akakohoa. Vibaya sana, kama mbuzi. Chimène akacheka, na mimi nikashindwa kuiona pini ilipo.

Ukumbini nilitaja watu wetu, mpaka mwisho. Kisha nikaenda mpaka kwenye kiti cha magurudumu cha Shangazi Odessa, nikainama, maana bila ruhusa yake majina yale si yangu kuyagusa. Chimène akamwuliza. Yule bibi akasema: "Taja. Sina pumzi leo. Ukikosea nitakupiga na fimbo."

Miezi mitatu nimekuwa nayataja nikilima, nikiosha vyombo, ndani ya basi. Nilimwona Mzee Harlan amevaa suti ileile ya kahawia, na wamama wangu walewale nyuma yake. Aibu haikuondoka. Nadhani haiondoki, unasimama nayo tu.

"Mahala," nikasema. Watu wa Whitaker wakarudia. "Isom na Wiley." Safari hii wamama wangu nao wakarudia, kwa lafudhi zao za Kivu. Amos. Lucius. Roscoe. Nilipofika kwa Harlan yule mzee alivua kofia. Fimbo haikuinuka.

Kisha nikauliza: "Kuna mtu wa Isom hapa?"

Chimène akalisema kwa Kiingereza. Tukangoja. Mlango wa jikoni ukafunguka, vichwa vyote vikageuka. Alikuwa mpishi.

Nilitakiwa kukaa hapo. Sikukaa. Kuna swali ambalo sijawahi kuliuliza mbele za watu tangu tutoke Bukavu, kwa sababu mama asiyejua mwanawe yuko wapi ana aibu yake, nami nilikuwa nimeifunika kwa makelele. Nikaliuliza.

"Kuna mtu wa Bulonza hapa?"

Chimène hakutafsiri. Alikuwa ameinua mkono juu, mkono wenye pete, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Mimi, Bibi," akasema. "Mimi hapa."